Mwanafunzi wa mazingira aende wapi likizo ndefu?

Na Frateri wa Falsafa, mwaka wa tatu



Mwaka juzi mdogo wangu wa kike, anayesoma misitu chuo kikuu, alirudi nyumbani Sumbawanga kutoka fildi. Wiki 8 alizokaa katika ofisi moja ya mjini alitoa kopi, alipanga mafaili na kuchemsha chai. Mti hakuupima hata mmoja. Mama alikuwa ameuza magunia mawili ya mahindi ili apate nauli na kodi ya chumba. Jioni moja tukiwa jikoni Mama akamwuliza, "Sasa umejifunza nini, mwanangu?" Mdogo wangu alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa likizo kutoka seminari, na swali lile nilirudi nalo.

Mwaka uliofuata alipata nafasi katika kituo cha misitu kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga. Ilikuwa nafasi ya kweli, ya kazi ya msituni. Alitaka kuikataa, kwa sababu Tanga hatuna ndugu na hela ya kupanga chumba haikuwapo. Jinsi alivyokwenda nitaeleza mbele kidogo. Kwanza nataka kueleza fildi yenyewe, kwa kuwa wazazi wengi parokiani wana kijana anayesoma mazingira, misitu, wanyamapori au maji, na wanatoa fedha bila kujua zinanunua nini. Sisi mafrateri nasi tukiwa likizo tunaulizwa maswali haya, na mara nyingi tunajibu kwa kubahatisha.

Fildi ni kitu gani

Vyuo vikuu vyetu vingi nchini Tanzania hufunga mwaka wa masomo mwezi Julai na kufungua Oktoba au Novemba. Katikati ya likizo hiyo ndefu mwanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Mara nyingi ni wiki 8 hivi, kutegemea chuo na kozi. Fildi ni sehemu ya masomo. Ina alama, ina ripoti, ina msimamizi wa chuo na msimamizi wa kituo, na asiyeifanya hahitimu. Mzazi asidhani ni matembezi.

Kuna mambo mengine mawili yanayochanganywa na fildi. La kwanza ni intanishipu, yaani mafunzo ya uzoefu kazini kwa aliyekwisha kuhitimu. Haya huchukua miezi mingi zaidi, na huduma za ajira za serikali ni mojawapo ya njia za kuyapata. La pili ni kazi za msimu, kama kupanda miti, kuhudumia kitalu cha miche, kusaidia watafiti kukusanya takwimu vijijini, au kuongoza wageni. Hizi zina malipo, japo madogo, lakini hazina alama za chuo. Mwanafunzi mwenye akili huzipanga vizuri: wiki za fildi kwanza, halafu wiki zinazobaki atafute kibarua kinachofanana na fani yake.

Likizo hiyo huangukia kiangazi, na kwa mwanafunzi wa mazingira jambo hili ni baraka. Julai hadi Oktoba ndio wakati mito inapungua, moto unapowaka msituni, ng'ombe wanaposogea kwenye mabonde yenye maji na watu wanapogombania chemchemi. Darasani amefundishwa maneno haya yote. Kiangazi anayaona kwa macho.

Kwa nini darasa peke yake halitoshi

Mwaka wa kwanza wa falsafa tulisoma mwanzo wa kitabu cha Aristotle kiitwacho Metafizikia. Anasema pale kwamba mtu mwenye uzoefu bila nadharia huweza kufanikiwa kuliko mwenye nadharia bila uzoefu. Sababu anayotoa ni rahisi: tabibu hamtibu mwanadamu kwa ujumla, anamtibu mtu huyu aliye mbele yake, mwenye jina lake. Lakini Aristotle hakuishia hapo. Anaongeza kwamba ajuaye sababu za mambo ana hekima zaidi kuliko ajuaye tu kwamba jambo liko hivyo. Vyote viwili vinahitajiana.

Nilielewa somo hilo vizuri zaidi kwa mdogo wangu kuliko kwa mwalimu. Chuoni alifundishwa kwamba kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Ni sentensi fupi, rahisi kujibu kwenye mtihani. Usambara alikutana na mti uliosimama kwenye mteremko mkali. Je, mita 1.3 kutoka wapi, upande wa juu au wa chini? Mlinzi wa msitu ambaye hakumaliza hata kidato cha nne alimwonyesha: unasimama upande wa juu wa mteremko. Mdogo wangu naye alimweleza kwa nini urefu ni uleule kila mahali: ili vipimo vya msitu huu viweze kulinganishwa na vya msitu mwingine, na vya leo na vya miaka kumi ijayo. Kila mmoja alimpa mwenzake nusu aliyokuwa amekosa.

Au chukua maji. Mwanafunzi asiye na kifaa cha gharama anaweza kukadiria maji ya kijito kwa chungwa. Anapima mita 20 kandokando ya kijito, anatupa chungwa katikati na kuhesabu sekunde. Anapima upana na kina sehemu kadhaa. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yaliyo karibu na chini, mwendo wa chungwa huzidishwa kwa 0.85 hivi, kisha kwa eneo la mkato wa kijito. Akifanya hivyo kila wiki toka Julai hadi Septemba, atakuwa na takwimu ambazo kijiji chenyewe huenda hakijawahi kuwa nazo. Kazi hiyo inamsaidia mwanafunzi, na inakisaidia kijiji.

Wapi pa kuomba

Wengi hukimbilia hifadhi za taifa, na nafasi huko hujaa mapema. Lakini mazingira ni shamba pana, na milango ni mingi.

Misitu: Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) husimamia misitu ya hifadhi ya asili kama Amani na Magamba mkoani Tanga, na mashamba ya miti kama Sao Hill wilayani Mufindi. Huko mwanafunzi hujifunza vitalu, upimaji wa miti, mipaka, njia za kuzuia moto na ufugaji nyuki.

Wanyamapori: mbali na hifadhi za taifa zilizo chini ya TANAPA, kuna mapori ya akiba chini ya TAWA, na maeneo ya jumuiya za hifadhi yanayosimamiwa na vijiji vyenyewe. Anayetaka kujua kwa nini mkulima na tembo wanagombana atajifunza mengi kijijini, mahali tembo anapopita usiku.

Maji: nchi yetu imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na kila bonde lina bodi yake. Bonde la Pangani ndilo lilitangulia kuwa na bodi, mwaka 1991. Bodi hizi hupima mito, hutoa vibali vya kutumia maji na kusuluhisha watumiaji. Mamlaka za maji za mijini nazo zina maabara.

Hali ya hewa: vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa hupima mvua saa 3 asubuhi kila siku, pamoja na Jumapili. Anayedhani kazi ya mazingira ni matembezi msituni akakae pale mwezi mmoja ajifunze uaminifu katika jambo dogo.

Halmashauri: mlango huu husahaulika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka maofisa mazingira katika majiji, manispaa na wilaya, na kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Sheria hiyohiyo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo linaloipitia. Kwa ofisa mazingira wa halmashauri mwanafunzi huona dampo, machinjio, machimbo ya mchanga, na malalamiko ya kelele za baa na hata za nyumba za ibada. Hakuna tembo pale, lakini kuna kazi.

Bahari: wanaosoma viumbe wa majini wana Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na misitu ya mikoko kwenye delta ya Rufiji.

Na Kanisa je? Wengi hawalifikirii. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walijenga kituo cha umeme wa maji cha Tulila kwenye mto Ruvuma, kilichoanza kufanya kazi mwaka 2015. Umeme wa maji hauwezi kudumu bila misitu inayotunza mto, kwa hiyo aliyesoma mabonde ya maji hayuko mbali na kazi ya watawa. Majimbo na mashirika ya kitawa yana mashamba, misitu, visima, hospitali zenye taka za hatari na shule zenye majiko ya kuni. Ni mahali pa kujifunzia, tukikubali kufungua mlango.

Namna ya kuomba

Usingoje Juni. Anza Januari au Februari, maana vituo vizuri hujaza nafasi mapema. Chukua barua ya utambulisho chuoni. Andika barua yako kwa mkuu wa taasisi, na ukiomba halmashauri iende kwa Mkurugenzi Mtendaji. Iwe ukurasa mmoja. Taja kozi, mwaka wa masomo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na jambo moja au mawili unayotaka kujifunza pale.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa na wengi, na ndiyo yenye uzito. Barua ya kwanza ya mdogo wangu ilisema tu kwamba anaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Ofisi ikampa nafasi, na hakuna aliyejua amekuja kufanya nini. Barua ya pili ilisema anataka kujifunza upimaji wa miti ya asili na usimamizi wa mipaka ya hifadhi. Siku ya kwanza mkuu wa kituo alimkabidhi kwa walinzi wa msitu.

Ukifika, omba ratiba ya wiki. Andika kitabu chako cha kumbukumbu kila jioni, usisubiri Ijumaa. Andika ulichofanya, ulichopima, na ulichokosea. Ukipewa kazi ya chai na kopi, ifanye kwa moyo mwema, hakuna kazi ya aibu. Lakini zikipita siku tatu bila kazi nyingine, mwambie msimamizi wa kituo kwa adabu, na usiposikilizwa mpigie msimamizi wa chuo. Mdogo wangu alinyamaza wiki 8 akidhani kunyamaza ndiyo heshima. Heshima haizuii mtu kuuliza.

Gharama, na hatari inayofichwa

Fildi kwa kawaida haina mshahara. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu wanaweza kupata fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na si kila mwenye mkopo amepangiwa kiasi cha kutosha. Mzazi ahesabu mapema: nauli ya kwenda na kurudi, chumba, chakula, buti, koti la mvua, kadi ya bima ya afya, na gharama ya kuchapa ripoti.

Hapa ndipo penye dhuluma ambayo haionekani. Mtoto wa mwenye nacho huenda kituo chenye kazi, hata kiwe mbali. Mtoto wa mkulima huchagua kituo kilicho karibu na shangazi, kiwe na kazi kisiwe nayo. Wote wawili wanahitimu na cheti kinachofanana. Siku ya usaili mmoja anaeleza alichofanya, mwingine anaeleza alichosoma. Halafu tunasema yule wa kwanza ana bahati.

Kuna hatari nyingine ambayo si vizuri kuinyamazia. Wapo watu wanaojifanya mawakala na kudai fedha ili wakutafutie nafasi. Usitume fedha kwa namba ya mtu binafsi. Kama taasisi ina ada, lipa kwa utaratibu wake rasmi na udai risiti. Wapo pia wanaowadai mabinti mwili ili wapewe nafasi, alama au saini. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113, bila malipo. Binti yangu, dada yangu, ukikutana na jambo hilo usione haya. Aibu ni ya anayedai. Mwambie mzazi, mwambie msimamizi wa chuo, mwambie mlezi wa TMCS chuoni kwako. Nasi tutakaokuwa mapadre tujifunze kusikiliza habari kama hizo bila kumhukumu aliyezileta.

Kitanda cha Usambara

Sasa narudi kwa mdogo wangu. Jumamosi moja baada ya sala za jumuiya, wakati wa matangazo, Mama alisimama akasema binti yake amepata nafasi Tanga lakini hawezi kwenda. Hakuomba fedha. Alisema tu, kama mtu anavyosema habari ya msiba. Mwenyekiti wa jumuiya akamjibu, "Mama, mbona hukusema mapema? Paroko ana watu kila mahali."

Paroko alimpigia padre mmoja wa huko waliyesoma naye seminari kuu. Padre yule alitangaza katika jumuiya zake. Siku ya nne tukapata jibu: mama mjane mmoja, anayeishi mwendo wa nusu saa kutoka kituoni, ana chumba ambacho mwanawe amekiacha wazi. Hakutaka kodi. Alisema binti alete shuka zake na blanketi zito, maana Julai kule kuna baridi. Jumuiya yetu ilichanga nauli, na WAWATA wakaongeza buti.

Mdogo wangu alikaa wiki 8. Jioni alichota maji na kupika na mwenyeji wake, Jumamosi alikwenda naye jumuiya. Aliporudi Sumbawanga Mama aliuliza swali lilelile. Safari hii binti alizungumza mpaka ugali ukapoa.

Wakati nikifikiria jambo hili nilimkumbuka Jane Goodall. Alifika Gombe, mkoani Kigoma, Julai 1960, akiwa na miaka 26 na bila shahada yoyote. Dunia inamkumbuka peke yake na sokwe wake. Lakini Louis Leakey ndiye aliyemtafutia fedha. Mama yake mzazi alifuatana naye na kukaa naye miezi ya mwanzo, kwa kuwa wakubwa wa wakati ule hawakukubali msichana akae peke yake porini. Na wenyeji wa Kigoma ndio waliomwonyesha njia za msituni. Mwanafunzi wetu naye anahitaji hayo matatu: nauli, mtu wa kukaa naye, na mwenyeji wa kumwongoza. Parokia inaweza kutoa mawili ya kwanza bila mradi wala mfadhili.

Tufanye nini

Kwa waamini napendekeza jambo dogo. Mwezi Februari kila jumuiya iulize: nani ana mtoto chuoni anayekwenda fildi mwaka huu, na anakwenda wapi? Majina yafike kwa paroko. Paroko apige simu mbili tatu. Na parokia zilizo karibu na misitu, hifadhi na vituo vya maji ziwe na orodha ya nyumba zinazoaminika zenye chumba cha ziada. Nasema zinazoaminika kwa makusudi. Kabla ya mwanafunzi kufika, padre au mwenyekiti wa jumuiya aijue nyumba hiyo, na baada ya kufika amtembelee.

Kwetu mafrateri lina upande mwingine. Papa Fransisko alipotoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015 tulikuwa bado watoto. Sasa tunausoma, tunaufanyia mijadala, tunapata alama. Lakini seminari yetu ina shamba, ina miti, ina chanzo cha maji, na hakuna kati yetu anayejua miti ni mingapi wala chemchemi inatoa lita ngapi kiangazi. Kwa nini tusimwombe mwanafunzi mmoja wa misitu na mmoja wa maji waje hapa kwa fildi, chini ya usimamizi wa chuo chao? Kitanda kipo, maana likizo mabweni ni matupu. Ugali upo. Wao wangepata kazi ya kweli, nasi tungekuta ripoti mezani tukirudi.

Sisi wenyewe tuna mwaka wa kichungaji, na hakuna mwalimu anayesema mwaka ule ni wa kupoteza. Tunapokelewa parokiani, tunapewa chumba na chakula, tunakosea na kusahihishwa. Watu wanatuita Frateri kabla hatujastahili. Mwenzetu wa misitu hufika kituoni bila kitu chochote cha namna hiyo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinaeleza kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hiyo wengine wanaisomea sasa, kwa mahindi ya mama zao.

Mdogo wangu amebakiza mwaka mmoja. Wiki iliyopita yule mama wa Usambara alimpigia simu kuuliza kama likizo hii atarudi, kwa sababu chumba bado kipo.